Je, Wajua? Mlima Uliojifunika Wingu

Kila nikipanda ndege ya kwenda Kilimanjaro siku ya mvua, hubandika uso dirishani kuutafuta mlima. Mara nyingi siuoni. Mlima mrefu kuliko yote Afrika upo pale pale, mita 5,895, nami nimekodolea macho pamba tupu. Ndipo swali likanikaa kichwani: rubani naye anajuaje mlima ulipo? Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata, na haya ndiyo niliyoyaokota. Mengine yatakuhuzunisha, maana karibu kila ugunduzi ulio humu umelipiwa kwa roho za watu. Lakini sijapata kusoma habari iliyonishangaza kuliko hii.

Ndege nzima, injini nzima

Katika nyingi ya ajali za ndege kugonga milima, ndege haikuwa na ubovu wowote. Injini zilinguruma vizuri, mabawa yalikuwa sawa, usukani ulimtii rubani hadi sekunde ya mwisho. Wataalamu wameipa ajali ya namna hii fungu lake: ndege kugonga ardhi ikiwa bado inaongozwa. Waliokuwa ndani waliamini wako mahali fulani, kumbe wako pengine kabisa.

Mawenzi iliipokea Dakota

Tarehe 18 Mei 1955, ndege aina ya Dakota ya shirika la East African Airways, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwemo wakafa. Kibo, yule ndugu mkubwa mwenye theluji, ndiye anayejulikana duniani. Mawenzi ana mita 5,149 tu, lakini amejaa meno na magenge. Wachaga wana hadithi kwamba alichanikachanika hivyo kwa kipigo cha Kibo, baada ya kumchosha kwa kumwomba moto kila mara. Shirika lenyewe lilikuwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, kwa hiyo msiba huo ulikuwa wa Afrika Mashariki nzima.

Mlima hujipikia wingu lake

Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ni mlima wenye msitu wa kijani uliosimama katikati ya nyika kavu, na asubuhi nyingi ukungu huwa mzito hadi miti ikadondosha maji kama imenyeshewa. Siri yake ni nyepesi: upepo ukigonga mlima hupanda, hewa ikipanda hupoa, karibu nyuzijoto 1 kila mita 100, na ikipoa vya kutosha mvuke wake hugeuka wingu. Kwa hiyo wingu hupenda kukaa hasa pale penye jiwe. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya Jeshi la Anga la Kenya iliyobeba wajumbe wa amani waliokwenda kupatanisha jamii za huko iligonga mlima huo katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa, wakiwemo wabunge watano, mmoja wao Bonaya Godana, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje.

Sekunde 178

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kiliwachukua marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea saa za chomboni, kikawapeleka angani na kuwazibia wasione nje, kana kwamba wameingia wingu. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178, hata dakika tatu hazikutimia. Chai jikoni ingekuwa haijachemka. Aliyewahi kuliko wote alipotea baada ya sekunde 20.

Kosa ni la sikio. Ndani kabisa ya sikio kuna vijibomba vitatu vilivyopinda, vyenye majimaji, na hivyo ndivyo vinavyotuambia tumeinama au tumegeuka. Ndege ikizunguka taratibu bila kubadilisha mwendo, baada ya muda mfupi yale majimaji huizoea hali hiyo na kutulia, na mwili unaapa kwamba unakwenda moja kwa moja. Rubani akiinyoosha ndege sasa, sikio linapiga kelele kwamba amepinda upande wa pili, naye anairudisha kwenye kona. Umewahi kumwona mtoto akijizungusha uani, akasimama, akaanguka huku akicheka kwa kuwa dunia bado inamzunguka? Ni yale yale, ila huyu yuko mita elfu mbili juu na hacheki.

Ndiyo maana rubani hufundishwa kuiamini ile saa yenye mstari wa upeo wa bandia kuliko anavyouamini mwili wake. Watafiti wale wa Illinois hawakuwaacha hivi hivi watu wao: waliwafundisha mbinu fupi ya kugeuza na kurudi walikotoka, na walipojaribiwa tena karibu mara zote walitoka salama.

Saa ya kimo haipimi kimo

Altimita, ile saa inayomwambia rubani yuko juu kiasi gani, kwa kweli hupima mgandamizo wa hewa. Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, basi saa inapiga hesabu na kubahatisha kimo. Lakini mgandamizo hubadilika pia kwa sababu ya hali ya hewa, na mvua kubwa mara nyingi huja na mgandamizo mdogo. Kwa hiyo kila anapokaribia uwanja rubani huomba namba ya siku hiyo kutoka mnarani na kuirekebisha saa yake. Akikosea hektopaskali 12 tu za mgandamizo, saa inadanganya kwa karibu mita 100, yaani jengo zima la KICC la Nairobi, kuanzia lami hadi kileleni. Na jinsi dhoruba inavyokuwa kubwa, ndivyo uwongo wa saa isiyorekebishwa unavyokuwa mkubwa.

Timu iliyokuwa nchi nzima

Mwaka 1947 Italia ilicheza na Hungary ikiwa na wachezaji kumi wa klabu moja uwanjani: kumi kati ya kumi na mmoja walikuwa wa Torino. Fikiria Taifa Stars yote iwe Simba au Yanga, isipokuwa kipa. Tarehe 4 Mei 1949 Torino ilikuwa inarudi kutoka Lisbon kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Benfica. Mji wa Turin ulikuwa umefunikwa na mawingu ya chini na mvua. Ndege iligonga ukuta wa nyuma wa kanisa kuu la Superga, lililojengwa juu ya kilima kinachoutazama mji. Walikufa wote 31, wachezaji 18 miongoni mwao.

Kilima hicho hakifiki hata mita 700, ni kidogo ukikilinganisha na milima yetu. Inadhaniwa kwamba huenda altimita ilinasa na kuonyesha kimo cha uwongo.

Ligi ilikuwa imebakiza mechi nne. Torino ikapeleka vijana wake wadogo uwanjani, na wapinzani wote wanne, kwa heshima, nao wakachezesha vijana. Mwaka uliofuata Italia ilikwenda Kombe la Dunia nchini Brazil kwa meli. Hadi leo, kila tarehe 4 Mei, nahodha wa Torino hupanda Superga na kuyasoma majina ya marehemu kwa sauti, moja baada ya jingine. Nikikumbuka hilo hunishika kooni.

Upepo uliowasimamisha angani

Unaweza kuruka saa nzima kuelekea mbele na usifike unakodhani umefika. Tarehe 2 Agosti 1947, ndege ya Uingereza iliyoitwa Star Dust, ikiwa na watu 11, ilitoka Buenos Aires kuvuka Andes kwenda Santiago. Dakika nne kabla ya muda wa kutua ilituma ujumbe wa redio kwa alama za Morse, ukaishia na neno STENDEC. Mpokeaji wa Santiago hakulielewa, akaomba lirudiwe. Likarudiwa mara mbili, kisha kimya. Hakuna aliyelifumbua neno hilo mpaka sasa.

Maelezo yanayokubalika ni haya: juu kule hupita mkondo wa upepo wenye kasi kuzidi mara mbili basi la mkoani lililo kwenye mwendo wake halali, na enzi hizo ndege za abiria zilizoweza kupanda hadi huko zilikuwa chache mno, kwa hiyo watu wengi hata hawakuujua. Star Dust iliruka uso kwa uso na upepo huo, juu ya mawingu, bila kuona chini. Kwa hesabu za saa na kasi, marubani walikuwa wameshavuka milima. Kwa kweli milima ilikuwa bado mbele yao. Wakaanza kushuka, wakashukia kwenye mlima Tupungato.

Waliitafuta, wakaikosa. Theluji iliifunika, barafu ikaimeza, na barafu ya mlimani hutembea: inateremka polepole kama mto mzito. Ndipo kuanzia mwaka 1998, zaidi ya nusu karne baadaye, mabaki yakaanza kujitokeza chini ya mlima. Kati ya vilivyokutwa ni gurudumu ambalo tairi lake lilikuwa bado limejaa upepo.

Zumaridi zilizochelewa kufika

Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote katika Alps, umegongwa na ndege mbili za Air India karibu sehemu ile ile: moja mwaka 1950 ikiwa na watu 48, nyingine tarehe 24 Januari 1966 ikiwa na watu 117, akiwemo Homi Bhabha, baba wa sayansi ya nyuklia ya India. Hakuna aliyepona. Nako huko barafu inalipa madeni kwa awamu. Mwaka 2012 ulipatikana mfuko wa barua za kidiplomasia za serikali ya India. Mwaka 2013 kijana mpanda milima akaokota kisanduku chenye zumaridi na yakuti, akakipeleka polisi mwenyewe. Ilipofika mwaka 2021 vito viligawanywa nusu kwa nusu kati yake na mji wa Chamonix, kila fungu likiwa na thamani ya takriban yuro 150,000.

Mimi nilivutiwa zaidi na magazeti. Mwaka 2020 barafu ilitoa nakala za magazeti ya India zilizokuwa zikisomeka vizuri, zikitangaza kwamba Indira Gandhi atakuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza nchi hiyo. Ndege ilianguka siku ile ile aliyoapishwa.

Tatu, nukta, tatu

Tarehe 20 Januari 1992 ndege ya Airbus ya Air Inter ilikuwa ikishuka kuelekea Strasbourg, Ufaransa, usiku, katika mawingu na baridi. Kwenye chombo chake cha kushukia, tarakimu zile zile 33 zingeweza kumaanisha mambo mawili: kushuka kwa mteremko wa nyuzi 3.3, ambao ni mteremko wa kawaida, au kushuka futi 3,300 kila dakika, sawa na kupoteza KICC karibu kumi kwa dakika moja. Kilichotofautisha ni kitufe kimoja na nukta ndogo. Wachunguzi waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba marubani walidhani wamechagua la kwanza. Ndege iligonga mlima Sainte-Odile. Walikufa 87, wakapona 9. Baadaye watengenezaji walibadilisha kioo hicho ili kasi ya kushuka iandikwe kwa tarakimu zote nne.

Mchana mweupe wa Erebus

Hiki ndicho kisa ninachokirudia mara nyingi kuliko vyote, kwa sababu mlima haukufichwa na wingu wala giza. Ulifichwa na mwanga.

Tarehe 28 Novemba 1979, ndege ya Air New Zealand iliondoka Auckland na watu 257 kwenda kuitazama Antaktika kupitia madirishani, kisha irudi jioni. Ilikuwa matembezi, sikukuu, kamera shingoni. Nyumbani, rubani mkuu alikuwa ameshika ramani na kuifuata njia yao kwa kalamu: ilipita juu ya ghuba ya McMurdo, barafu tambarare, kilomita zaidi ya 40 kutoka mlima wa volkano Erebus wenye mita 3,794. Usiku wa kuamkia safari, namba za njia zilirekebishwa kwenye kompyuta ya shirika. Njia mpya ilielekea moja kwa moja kwenye Erebus. Marubani hawakuambiwa.

Walipofika walishuka chini ya mawingu ili abiria waone vizuri. Na kweli waliona vizuri, kilomita nyingi pande zote. Lakini juu kulikuwa na wingu jeupe, chini theluji nyeupe, mwanga ukidunda kati ya hivyo viwili bila kuacha hata kivuli kimoja. Katika hali hiyo mteremko wa mlima huonekana kama uwanda unaoenea hadi upeo wa macho. Weka yai juu ya shuka jeupe, uwashe taa pande zote, ulitazame kwa mbali, utaelewa. King'ora cha kuonya kuhusu ardhi kililia sekunde sita tu kabla. Hakuna aliyepona.

Kamera za abiria ziliokotwa thelujini na filamu zikasafishwa. Picha zilionyesha hewa safi, wazi kabisa, hadi dakika za mwisho.

Ripoti ya kwanza iliwabebesha lawama marubani. Jaji Peter Mahon akachunguza upya, na mwaka 1981 akasema chanzo kikuu kilikuwa kule kubadilisha njia bila kuwaambia waliokuwa wanairuka. New Zealand wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni tatu, hivyo karibu kila mtu alimjua mtu aliyemjua marehemu mmojawapo. Radhi ya serikali ilitoka mwaka 2019, miaka 40 kamili baadaye, kinywani mwa waziri mkuu Jacinda Ardern. Majira ya joto theluji ikipungua, vipande vya ndege huonekana mlimani mpaka leo.

Wiki moja ya Oktoba 1972

Ndege mbili zilipotea ndani ya siku tatu, pande mbili za mwisho wa bara la Amerika, na moja haijaonekana mpaka kesho.

Ya kwanza ilikuwa ya Jeshi la Anga la Uruguay, tarehe 13 Oktoba, ikiwa na watu 45, wengi wao wachezaji wa raga na jamaa zao. Baada ya kupita kituo kimoja milimani walipaswa kuruka dakika 11 kabla ya kugeuka kaskazini. Waligeuka baada ya dakika tatu hivi, ndani ya mawingu, wakashuka wakidhani Andes iko nyuma yao. Waligonga mlima, na kiwiliwili cha ndege kikateleza thelujini kama mtumbwi na kusimama. Kilikuwa cheupe juu ya theluji nyeupe, basi ndege za uokoaji zilipita juu bila kukiona. Walionusurika walisikia kwenye redio ndogo kwamba utafutaji umesimamishwa. Hawakuwa na chakula, wakalazimika kula miili ya wenzao waliotangulia, jambo ambalo wamelieleza wazi maisha yao yote. Hatimaye Nando Parrado na Roberto Canessa walitembea siku 10 kuvuka milima bila viatu vya kukwea, hadi ukingoni mwa mto wakamwona mchunga mifugo wa Chile, Sergio Catalán. Mto ulivuma, hawakusikizana. Catalán alifunga karatasi na penseli kwenye jiwe akawarushia ng'ambo. Parrado akaandika wao ni nani na wanatoka wapi, akarudisha. Yule mzee akapanda mnyama wake na kwenda masaa mengi kuwaita polisi. Walitoka hai watu 16, baada ya siku 72.

Ya pili ilikuwa ndege ndogo aina ya Cessna huko Alaska, tarehe 16 Oktoba, ikiwa imembeba Hale Boggs, kiongozi wa wabunge wa chama kilichokuwa na wingi katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Ilitafutwa siku 39. Hakikupatikana hata kipande.

Mwasovieti aliyewasikia Wakanada

Katikati ya Vita Baridi, Urusi ya Kisovieti, Marekani, Kanada na Ufaransa zilikubaliana kusikiliza pamoja vilio vya ndege zilizoanguka. Mtandao wao wa setilaiti unaitwa Cospas-Sarsat, na uokoaji wa kwanza ulikuwa Septemba 1982: setilaiti ya Kisovieti ilisikia king'ora cha redio kutoka ndege ndogo iliyoanguka milimani British Columbia, na watu watatu wakaokolewa. Tangu hapo mtandao umesaidia kuokoa watu zaidi ya 50,000, nchi kavu, baharini na angani.

Karibu na nyumbani

Wilson ni uwanja uliomo ndani ya Nairobi, lakini ndege inayotoka hapo kwenda Samburu inasafiri jirani na kilele cha mita 4,985. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ya watalii iligonga Lenana, Mlima Kenya, wakafa wote 14. Tarehe 5 Juni 2018 nyingine iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga Elephant Hill katika Aberdare, kilima ambacho wapenda kukwea wa Nairobi hukipanda wikendi. Kwa ukungu na mvua ilichukua hadi asubuhi ya tarehe 7 kuyafikia mabaki, na hakuna aliyesalimika kati ya 10. Tarehe 10 Juni 2024 ikawa zamu ya Malawi: ndege ya makamu wa rais Saulos Chilima haikuweza kutua Mzuzu kwa hali ya hewa, ikaagizwa kurudi, ikaanguka katika msitu wa Chikangawa. Walikuwa tisa.

Mabomba yanayolia

Mbuzini, Afrika Kusini, pana mnara wa mabomba 35 ya chuma yaliyochanwa ili upepo ukipita yatoe sauti ya kuomboleza. Yamesimama pale ilipoanguka ndege ya rais wa Msumbiji, Samora Machel, usiku wa tarehe 19 Oktoba 1986, katika milima ya Lebombo. Ndege ilikata kona isiyotarajiwa, na sababu ya kona hiyo inabishaniwa mpaka sasa: tume ya Afrika Kusini ya wakati huo iliwalaumu marubani, Wasovieti wakasema kulikuwa na redio ya uongo iliyowapotosha. Machel alikuwa na wenyeji wengi Tanzania tangu enzi za Frelimo, chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wazee wengi bado wanakumbuka walikuwa wapi habari hiyo ilipofika.

Mlima unaoitwa Hali ya Hewa

Kuna mlima Virginia, Marekani, ambao jina lake maana yake ni Mlima Hali ya Hewa, kwa sababu zamani palikuwa na kituo cha kupima mvua na upepo. Tarehe 1 Desemba 1974 Boeing ya TWA iliugonga katika mawingu na upepo mkali ikielekea Washington, wakafa wote 92. Muongoza ndege na rubani walikuwa wameelewa tofauti ruhusa ile ile ya kushuka.

Kilichowauma wachunguzi ni hiki: wiki sita kabla, ndege ya shirika jingine ilikuwa karibu kufanya kosa lile lile, mahali pale pale. Marubani wake waliwaonya wenzao wa shirika lao, na onyo likaishia humo. Basi mwaka 1976 ikaanzishwa huduma, chini ya NASA, ambapo rubani yeyote anaweza kueleza kosa lake au la wenzake bila kuadhibiwa na bila jina lake kutangazwa. Imeshapokea taarifa zaidi ya milioni moja. Ajali hiyo hiyo ndiyo iliyoifanya Marekani iamuru ndege zake kubwa zifungwe king'ora cha ardhi.

Mtoto aliyeadhibiwa kwa kuandika

King'ora hicho ni kazi ya Don Bateman, mhandisi wa Kanada. Akiwa na miaka minane alitoroka shuleni kwenda kutazama ndege mbili za kijeshi zilizogongana, na mwalimu akamwadhibu kwa kumtaka aandike ripoti ya alichokiona. Alikuja kuandika ripoti za namna hiyo maisha yake yote. Mwaka 1971 ndege ya Alaska Airlines iligonga mlima karibu na Juneau na kuua watu 111. Bateman alipita juu ya mahali hapo kwa ndege, na alichokiona hakikumtoka.

Chombo chake cha kwanza kilitazama chini tu, kikipima ardhi inavyokaribia tumboni mwa ndege. Lakini mlima wenye ukuta wima hautoi onyo chini. Alihitaji ramani ya milima yote duniani, na hapakuwa na ramani ya namna hiyo sokoni. Dola la Kisovieti lilipoanguka, ramani za siri za jeshi lake, zilizochora dunia nzima kwa undani, zikaanza kuuzwa. Bateman aliishawishi kampuni yake izinunue. Zikaingizwa kwenye kompyuta ya ndege, na kuanzia miaka ya 1990 ndege ikaweza kujua kilicho mbele yake hata gizani. Ramani zilizochorwa kwa ajili ya vita sasa zinalinda abiria. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 91, na nina hakika wengi walio hai kwa sababu yake hawajawahi kulisikia jina lake.

Sekunde 38

Tarehe 9 Mei 2012 ndege mpya ya Kirusi aina ya Sukhoi ilikuwa ikitembeza wateja watarajiwa juu ya Indonesia. Ndani ya mawingu ya mlima Salak, king'ora kilianza kulia sekunde 38 kabla ya kugonga. Marubani walidhani mashine imekosea, wakaizima. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba wangepanda ndani ya sekunde 24 za kwanza wangepita salama. Waliokuwemo walikuwa 45.

Rangi tatu

Katika chumba cha rubani, ardhi sasa huchorwa kwenye kioo kwa rangi kama za taa za barabarani. Kijani ni iliyo chini ya ndege kwa usalama, njano ni iliyo karibu na kimo chake, nyekundu ni iliyoizidi kimo kwa zaidi ya futi 2,000. Ndege ikishuka kwenda uwanja wa Kilimanjaro (KIA), uwanda wa Hai unabaki kijani au njano, na upande wa kaskazini mashariki kunatokea doa jekundu kubwa. Mimi dirishani bado nimekodolea macho pamba. Kule mbele, kwenye kioo cha rubani, Mawenzi inawaka.